Nanasi la Mawe

Katika nchi ambayo jua lake peke yake halijawahi kuivisha nanasi hata moja, limesimama nanasi lililo refu kuliko mnazi wa makamo. Liko Uskoti, karibu na kijiji cha Airth, kusini mwa mto Forth, kati ya miji ya Falkirk na Stirling. Limejengwa kwa mawe ya kuchonga, na pamoja na ukumbi unaolibeba hufika takriban mita 14. Chini ni banda la bustani lililofuata adabu zote za usanifu wa Palladio. Juu ni tunda, lenye macho yake, majani yake yenye meno na taji lake, kana kwamba mwashi alipofika usawa wa paa alichoshwa na kanuni akaamua kucheza.

Wengi hulieleza hivyo hivyo, kwamba ni mchezo. Waingereza wana neno maalumu kwa majengo ya namna hii, yaliyopamba bustani za matajiri katika karne ya 18, na neno hilo kwa maana yake ya kawaida ni upumbavu. Watalii hufika, hupiga picha, hucheka, huondoka. Mimi hulifundisha jengo hili kila mwaka katika somo la historia ya usanifu, na kila mwaka wanafunzi wangu huanza kwa kicheko hicho hicho. Siwalaumu, jengo linachekesha. Lakini kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kicheko chetu kinalifichia siri zake. Ni jengo lililopigiwa hesabu kali, na hesabu hiyo ina wadai wengi, baadhi yao wenye lugha na ngozi kama zetu.

Kabla ya kuzigusa hesabu hizo, nieleze kwanza kazi ya majengo ya jamii hii. Andrea Palladio, mwashi na msanifu wa Italia ya karne ya 16, alipowajengea matajiri wa Venice nyumba za mashamba, hakuwajengea mahali pa kupunga upepo tu. Vila zake zilikuwa vitovu vya kilimo. Bwana alikaa katikati, chini ya nguzo na pembetatu zilizoazimwa kutoka mahekalu ya kale, na ubavuni, katika mabawa yaliyonyooka kama mikono, zilikaa nafaka, mvinyo, zana na mifugo. Uzuri na ghala vilikuwa chini ya paa moja, wala hapakuwa na aibu kati yao. Kiswahili cha pwani kinaweza kuitaja nyumba hiyo bila kubabaika: ni nyumba ya kiungani, au nyumba ya shamba, mahali ambapo mwenye mji hutoka kwenda kutazama miti yake na kupumzika kwa wakati mmoja.

Waskoti waliipokea vila hiyo katika miaka ya 1720. Mfano wake mashuhuri ni Mavisbank, karibu na mji mdogo wa Loanhead, kusini mwa Edinburgh, iliyosanifiwa na William Adam pamoja na mwenye nyumba mwenyewe, Sir John Clerk wa Penicuik. Ni nyumba ndogo ya kati, na kutoka kwake hutoka kuta mbili zilizopinda kama mikono inayokumbatia, kila moja ikiishia kwenye jengo dogo la pembeni. Moto uliiteketeza mwaka 1973, na mpaka sasa ni gofu linalopendwa sana na wasomi. Clerk alikuwa msomi wa mambo ya kale ya Kirumi, mwanamuziki na mwanasheria. Alikuwa pia mmiliki wa machimbo ya makaa ya mawe hapo hapo Loanhead. Vila ilitazama bonde la kijani, na gharama zake zikalipwa na giza lililokuwa chini ya ardhi. Jambo hilo tuliweke akilini, kwa sababu tutalikuta tena Dunmore.

Shamba la Dunmore liliitwa zamani Elphinstone. Mwaka 1754 lilinunuliwa na ukoo wa Murray, wenye cheo cha ukabaila cha Dunmore, likabadilishwa jina kufuata cheo hicho. Miaka miwili baadaye John Murray alirithi cheo akawa bwana wa nne wa Dunmore. Hakujenga jumba kwanza. Alianza na bustani, na bustani yake aliizungushia ukuta mrefu kama wa ngome, kisha katikati ya ukuta wa kaskazini akaweka banda la mapumziko. Kwenye jiwe la kati la tao la kusini kumechongwa mwaka 1761.

Ukisimama ndani ya bustani, upande wa kusini, unaona lango la namna ambayo wanafunzi wa usanifu huitambua hata wakiwa wamefumba jicho moja: tao pana katikati, na kila upande nafasi nyembamba isiyo na tao, zote zikibebwa na nguzo za Kituskani zisizo na mapambo. Ni msamiati wa Palladio usio na kosa la herufi. Lakini ardhi imeinuka nyuma ya ukuta, kwa hiyo ukizunguka upande wa kaskazini, ghorofa uliyoiona juu sasa imekuwa sawa na nyayo zako. Ndani yake ni chumba kimoja cha mviringo, na madirisha yake yamepindika juu hadi kufanya ncha, kwa mtindo wa Kigothi. Ncha hizo ndizo zinazogeuka, taratibu na bila kiungo unachoweza kukionyesha kwa kidole, kuwa majani ya kwanza ya nanasi.

Hakuna hati iliyomtaja msanifu wake. Wapo waliomhusisha Sir William Chambers, lakini kwa kubahatisha. Wataalamu wanabishana pia juu ya umri wa tunda lenyewe. Baadhi husema banda lilijengwa mwaka 1761 likiwa na paa la kawaida, na nanasi likaongezwa baada ya bwana Dunmore kurudi kutoka Amerika; wengine huona kazi yote ni ya mkono mmoja na wakati mmoja. Wanaoshika rai ya kwanza husimulia hadithi kwamba mabaharia wa Virginia walikuwa wakichomeka nanasi kwenye nguzo ya lango kutangaza kwamba wamerejea salama, na kwamba bwana Dunmore, aliyekuwa mpenda makuu, alitangaza marejeo yake kwa nanasi ambalo lingeonekana kutoka mbali. Ni hadithi tamu. Nitaeleza baadaye kwa nini utamu wake unanikwama kooni.

Ajabu kubwa ya nanasi hili haiko kwenye umbo lake. Iko kwenye namna linavyoshughulika na maji. Uskoti ni nchi ya mvua na barafu, na adui mkubwa wa jiwe lililochongwa si mvua bali ni maji yanayotuama katika mikunjo, yakaganda usiku, yakavimba na kulipasua jiwe. Mafundi wa Dunmore walilijua hilo. Kila jani la jiwe lililopinda limepewa mkondo wake wa kutolea maji. Meno ya majani ya chini na ya juu, pamoja na vile vivimbe vya tunda, vimepangwa kwa mteremko ambao hauruhusu tone kutuama popote. Karne mbili na nusu za baridi zimepita na majani hayo bado yana makali. Anayeliita jengo hili upumbavu hajawahi kulitazama wakati wa mvua.

Ukuta nao si ukuta mtupu. Ni kuta mbili zilizoacha uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo ilipitishwa hewa ya moto kutoka kwenye tanuri. Pande zote mbili za banda, upande unaopigwa na jua, viliegemezwa vyumba vya vioo ambavyo sasa havipo, na ndani yake yalitunzwa matunda yasiyoweza kuishi nje, nanasi likiwa mojawapo. Moshi ulihitaji pa kutokea, na dohani ni kitu kibaya kukitazama ukiwa umekaa na wageni. Kwa hiyo dohani zilifichwa ndani ya vyungu vya mawe vya mtindo wa Kigiriki, vilivyosimama juu kama mapambo matupu. Mgeni aliona vyungu vya kale, na mtunza bustani, ambaye alipewa vyumba ubavuni mwa banda hilo hilo, aliona moto ambao hakuruhusiwa kuuacha uzimike.

Kuivisha nanasi kaskazini ya mbali kiasi hicho kulikuwa mateso ya miaka. Mche uliwekwa kwenye chungu, na chungu kikazikwa ndani ya shimo lililojaa magamba ya mwaloni yaliyokwisha tumiwa na watengeneza ngozi. Magamba hayo yakichachuka hutoa joto la polepole. Joto likizidi mizizi iliungua, likipungua mmea ulioza. Ilichukua miaka miwili hadi mitatu kupata tunda moja. James Justice, anayekumbukwa kuwa Mskoti wa kwanza kufanikiwa, pale Crichton kusini mashariki mwa Edinburgh, aliandika kitabu cha bustani mwaka 1754, lakini mapenzi yake ya mimea yalimla mali zake. Tunda lililopatikana kwa gharama hiyo halikuwa chakula, kwa kuwa liliwekwa katikati ya meza litazamwe. Kulichonga kwa jiwe na kulisimamisha juu ya paa kulikuwa hatua moja tu mbele ya kuliweka mezani.

Hapo ndipo ninaposema hili si banda la mchezo bali ni mtambo, wenye tanuri, mabomba ya hewa, dohani na wafanyakazi wa zamu ya usiku. Bidhaa yake ni tunda, na nanasi la juu ni kama kibao cha biashara. Uzuri wake umo katika kuficha kwamba ni mtambo.

Moto nao ulitaka makaa, na ukanda wa Forth ulikuwa na makaa mengi. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1606 ilimkataza mtu yeyote kumwajiri mchimbaji makaa bila hati ya kumruhusu kutoka kwa bwana wake wa awali, na kwa desturi iliyojengeka juu ya sheria hiyo mchimbaji alifungwa kwa machimbo maisha yake yote. Machimbo yakiuzwa, naye alihesabiwa pamoja nayo. Walikuwa na mshahara, na hali yao haikuwa sawa na ya Mwafrika aliyeuzwa Jamaica. Kusema kwamba zilikuwa sawa ni kuwakosea wote wawili. Lakini mwaka 1761, jiwe la Dunmore lilipochongwa tarehe yake, makaa yaliyowashwa nchini humo yalichimbwa na watu wasioruhusiwa kuondoka. Bunge lilianza kuwalegezea kwa sheria ya mwaka 1775, na hawakuwa huru kabisa hadi 1799.

Mwaka huo wa 1775 una uzito mwingine katika hadithi yetu. Bwana Dunmore wakati huo alikuwa gavana wa Virginia, baada ya kuwa gavana wa New York kwa muda mfupi. Walowezi walipoasi dhidi ya mfalme, alikimbilia melini, na tarehe 7 Novemba akatia saini tangazo ambalo historia ya Marekani haijalisahau. Mtumwa yeyote wa bwana aliyeasi, anayeweza kushika silaha, akija kujiunga na jeshi la mfalme atakuwa huru. Mamia walikuja, wanaume kwa wanawake, wengine na watoto wao, wakivuka mito usiku kwa mitumbwi. Waliwekwa kwenye kikosi kilichopewa jina la Kihabeshi, kwa desturi ya zamani ya Wazungu ya kumwita kila Mwafrika Mhabeshi. Ndui iliingia melini na kambini ikawaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1776 Dunmore aliondoka Virginia na mabaki ya kundi hilo.

Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na tangazo lake halikuwagusa hao. Lilikuwa silaha ya vita na si fadhila ya moyo. Baadaye alipewa ugavana wa Bahama, kisiwa baada ya kisiwa vikiishi kwa jasho la watumwa. Lakini waliovuka mito usiku hawakuwa wajinga wa nia yake. Waliona mlango umefunguliwa kwa sababu zisizo zao, wakapita kwa sababu zao. Wanahistoria wa Marekani wamewarudishia heshima hiyo, nami hufundisha hivyo.

Basi fikiria hadithi ya nanasi la marejeo. Kama ni kweli kwamba tunda liliwekwa kutangaza kwamba bwana amefika salama, basi liliwekwa pia juu ya wale ambao hawakufika. Tangazo lake aliloliandika kwa wino liliwaahidi watu uhuru, na hili la jiwe, kwa mujibu wa hadithi hiyo, linatangaza usalama wa mtu mmoja. Ndiyo maana utamu wake hunikwama.

Haya nilikuwa nimeyapanga vizuri katika mihadhara yangu kwa miaka kadhaa, mpaka mama yangu alipokuja kunitembelea kiangazi fulani. Mama ni mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, wilaya ya Bagamoyo. Msomaji aliyepita barabara ya Msata anajua mafungu ya mananasi yanayopangwa kando ya lami, na bei inavyoanguka msimu unapochanganya. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mafungu hayo. Mikono ya mama, kuanzia viganja hadi viwiko, ina makovu membamba meupe ya miba, mengi kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nilidhani kila mama huzaliwa nayo.

Nilimpeleka Dunmore nikitaka acheke. Hakucheka. Alilizunguka jengo mara mbili, polepole, kama anayekagua shamba la jirani. Kisha akaniuliza kama mchongaji alikuwa mkulima. Nikamwambia hatumjui jina lake.

“Basi alikuwa na mkulima karibu yake,” akasema. “Tazama majani ya chini yalivyofunguka. Mtu aliyeliona tunda mezani tu hayajui hayo. Mezani yanakuwa yameshakatwa.”

Nilikuwa nimelitazama jengo lile kwa zaidi ya miaka kumi, kwa picha, kwa vipimo na kwa macho. Sikuwa nimewahi kujiuliza mchongaji alilionea wapi nanasi likiwa bado shinani. Palikuwa na jibu moja la karibu: mle mle chini ya paa, kwenye vyungu vya mtunza bustani. Siwezi kulithibitisha, na silitii katika maandishi yangu ya kitaaluma. Lakini tangu siku ile ninapolitazama nanasi hili huona watu wawili wasio na majina wakiwa wamesimama juu ya mche mmoja, mmoja ameshika patasi na mwingine ameshika kopo la maji, wakielekezana.

Kisha mama aliuliza, kwa Kikwere, swali ambalo kwa Kiswahili ningelisema hivi: “Na dungu lao liko wapi?”

Msomaji wa mjini huenda asilijue dungu. Ni ulingo wa miti unaojengwa shambani, juu ya nguzo, na mlinzi hukaa humo kufukuza ndege, ngedere na nguruwe mwitu. Una kivuli, una upepo, na unaona shamba lote. Kwa umbo na kwa mahali, hakuna jengo letu la kienyeji linalokaribia zaidi banda la bustani la Ulaya. Kwa miaka mingi nilihangaika na tafsiri ya neno hilo kwa ajili ya kamusi ndogo ninayowaandalia wanafunzi. Baraza halikufaa, kwa kuwa baraza ni mahali pa kupokelea watu, na limeungana na nyumba. Kibanda lilidharau. Ukumbi wa bustani lilikuwa sahihi na baridi kama maji ya bomba la huku. Na hapo mama alilitamka neno lenyewe bila kulitafuta.

Nilimwonyesha chumba cha juu, nikamwambia lile ndilo dungu lao. Akatikisa kichwa. Dungu, alisema, ni la anayelinda. Anayekaa mle hakulinda kitu.

Tofauti hiyo aliyoiweka mama naona inafaa kuwa mwanzo wa somo zima la usanifu. Majengo mawili yanaweza kuwa na urefu mmoja, kivuli kimoja na mandhari moja, na bado yakawa vitu viwili tofauti kwa sababu ya nani amekaa ndani na anafanya nini. Mtoto anayepiga debe juu ya dungu kufukuza ngedere na kabaila anayekunywa mvinyo juu ya bustani wote wanatazama shamba kutoka juu. Mmoja anaitwa kazini na shamba, na mwingine anaitazama kazi ya wengine ikiwa imegeuzwa mandhari. Dunmore ilikuwa na wote wawili katika jengo moja, kwa maana mtunza bustani aliyeamka usiku kuuongeza moto ndiye aliyekuwa na dungu, hatua chache kutoka chumba cha bwana wake. Kwa hiyo katika kamusi yangu nimeliandika neno dungu kwa vyumba vile vya pembeni. Chumba cha katikati nimekiacha na jina refu na baridi la ukumbi wa bustani, na nadhani kinalistahili.

Liko neno moja zaidi. Waingereza walipoliona tunda hili lililotoka Amerika waliliita tufaha la msonobari, kwa kuwa liliwakumbusha koni ya mti wao. Sisi hatukufanya hivyo. Nanasi ni neno la Watupi na Waguarani wa Amerika ya Kusini, wenyeji walioanza kulilima kabla Columbus hajaonjeshwa tunda hilo huko Guadeloupe mwaka 1493. Wareno walilichukua tunda na jina lake wakavipeleka Afrika na Bara Hindi, na vyote viwili vikafika pwani yetu kwa jahazi na kwa ulimi. Tuliliingiza katika ngeli yetu, tukapata mnanasi na mananasi, bila kulibadilishia shina. Watu wale wengi wao waliangamizwa kwa maradhi na upanga, na lugha zao nyingi zimekufa, lakini kila asubuhi kando ya barabara ya Msata mwanamke hulitaja tunda kwa jina walilolipa wao. Sidai kwamba hilo ni wema wetu. Ni bahati ya njia za biashara. Lakini jina la mkulima wa kwanza limehifadhiwa mdomoni mwa mkulima wa leo, na hilo ni zaidi ya linavyofanya jiwe la Dunmore, ambalo limehifadhi mwaka tu.

Kabaila aliyefuata, mtoto wa John Murray, alijenga hatimaye jumba lenyewe katika miaka ya 1820, kwa mkono wa msanifu William Wilkins, kwa mtindo wa enzi za Tudor. Jumba hilo leo ni gofu, paa limeondoka na miti imeingia vyumbani. Banda la bustani ndilo lililobaki. Katika miaka ya 1970 nalo lilikuwa linaelekea huko huko, mpaka likapewa shirika la taifa la Uskoti la kuhifadhi urithi, na shirika jingine, Landmark Trust, likalikarabati na kulikodisha kwa wanaotaka kulala humo siku chache. Bustani iko wazi kwa umma bila malipo. Mahali palipokuwa na vyumba vya vioo sasa pana nyasi na miti ya matufaha.

Najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili, hasa vijana waliokulia huku ughaibuni, hukataa kabisa kukanyaga mahali kama hapa. Husema kwamba kuyapenda majengo haya ni kumshangilia aliyetuuza. Nimewasikiliza kwa makini kwa sababu hoja yao si nyepesi. Mwaka 1778 mahakama kuu ya Uskoti ilipoamua, katika kesi ya Joseph Knight, Mwafrika aliyeletwa kutoka Jamaica, kwamba sheria ya nchi haiutambui utumwa, nchi hiyo hiyo iliendelea kwa miongo mingi kula sukari iliyotoka kwa watumwa na kuijengea nyumba nzuri. Uskoti mzuri na Uskoti huo ni mmoja. Hauwezi kutenganishwa kwa kuchagua kona za kupigia picha.

Lakini mimi nawaomba waende. Waende siku ya mvua, wasimame chini ya ukuta wa kusini, watazame maji yanavyotoka jani kwa jani bila kutuama popote. Kazi ile hakuifanya kabaila. Kuiacha bila kuitazama kwa sababu ya jina lililo kwenye hati ya ardhi ni kumwachia kabaila kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mkono wake. Mashirika ya urithi yameanza kuandika juu ya utumwa katika vibao na tovuti zao, na hilo ni jema. Ningependa siku moja yaandike pia juu ya tanuri, juu ya nani alilichochea, makaa yalitoka wapi, na nani hakuruhusiwa kuondoka machimboni.

Mama alirudi Kiwangwa mwezi Agosti. Ananiambia kwa simu kwamba msimu uliopita fungu liliuzwa kwa bei ambayo hata nauli ya kulifikisha barabarani haikulipa, na nusu ya shamba ameligeuza kuwa mihogo. Mananasi yaliyobaki anayalinda mwenyewe. Amejengewa dungu jipya, upande wa bonde, na fundi alitaka kuliezeka kwa bati. Mama alikataa, akasema bati hupiga kelele mvua ikinyesha, na mlinzi hawezi kusikia shamba.